Ubongo Wangu Uko Ubelgiji

Mimi sijawahi kuvuka mpaka wowote, hata ule wa Uganda ambao watu wa Bunia wanauvuka kwenda kutafuta sabuni. Lakini ubongo wangu uko Ubelgiji. Umekaa ndani ya kisahani cha plastiki, kwenye kabati lenye joto la mwili, na kuna watu wanaokwenda kuulisha hata siku ya Jumapili. Nawaambia mapema ili mzoee, maana baba mdogo Anaclet hakuzoea, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Naitwa Liévin. Ni fundi wa kushona, nakaa mtaa wa Nyakasanza hapa Bunia na mama yangu Musoki, na nina kifafa. Sentensi hiyo ni fupi, lakini mpaka mwaka huu sikuwahi kuitamka mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwetu. Kila jioni nameza dawa, na kwa sababu ya dawa hiyo naanguka mara chache, lakini naanguka. Ndiyo maana nilichagua cherehani: mtu akiangukia vitambaa haumii sana. Ndiyo maana pia natembea kwa miguu katika mji ambao hata anayekwenda nyumba ya jirani anapanda moto, yaani pikipiki ya kukodi. Msichana wangu Alliance aliponiuliza sababu, nilimwambia kwamba napenda kutembea. Basi akaanza kutembea nami, akaharibu viatu vyake vizuri kwenye mawe ya barabara zetu, na mimi nikamwacha aviharibu.

Alliance ni mwalimu wa shule ya msingi. Ukoo wake ni wa wafugaji wa upande wa Djugu. Sisi ni wafanyabiashara tuliotoka Butembo. Baba yetu Athanase ndiye aliyetuleta Bunia, akafia hapahapa. Nilitaka kumuoa Alliance, naye alitaka. Walibaki ndugu zake. Katika ukoo wao, kabla watu hawajaanza kuzungumzia ng'ombe, shangazi wa msichana anakuja kwanza kula nyumbani kwa mwanamume. Hapewi sahani yake mwenyewe. Anakula sinia moja na watu wa nyumba hiyo, mkono kwa mkono, ili ajue mtoto wao anakwenda kula na akina nani. Wanaita kuonja nyumba. Msichana naye anakuja, lakini hali. Kazi yake ni kukaa na kuangalia. Shangazi akila akashiba, mambo yanaendelea. Akiomba maji ya kunawa kabla ya wengine, ujue mmeachwa.

Sasa mtaona shida yetu ilikuwa wapi. Kwetu wengi wanaamini kwamba kifafa kinaambukiza kwa mate. Mtu akianguka, watu wanamkimbia povu lake. Tangu utotoni nina kikombe changu cha bati, cha rangi ya buluu, nina sahani yangu na kijiko changu, na hakuna mwingine anayevigusa ila mama anapoviosha, vyenyewe peke yake, katika maji yake. Dada yangu Adeline alipoanza kusomea udaktari alimfokea mama: ugonjwa huu ni wa ndani ya kichwa, hauruki kutoka kikombe hadi kikombe. Mama akakubali. Kichwa kilikubali, mkono ukakataa. Kesho yake kikombe cha buluu kilikuwa tena peke yake kwenye pembe ya kabati, kimefunikwa kitambaa. Nilizoea. Mtu anaweza kuzoea hata kuwa uchafu nyumbani kwao.

Kwa hiyo mpango wa mama ulikuwa huu: kikombe kifichwe, mimi nile sinia moja na wageni, na tunyamaze.

"Kisha ya ndoa tutaona," alisema. "Ukianguka mu ndoa, tutasema imeanzia mule."

Nilicheka. Ninaona haya kusema kwamba nilicheka, lakini nilicheka kwa sababu nilikuwa nimekubali.

Adeline alifika kutoka Ubelgiji wiki hiyohiyo. Yeye si daktari wa kupima watu homa. Alikwenda kusoma, akabaki huko katika maabara, na likizo yake iliyotangulia aliniomba kipande cha ngozi. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, kutoka ndani ya mkono wa kushoto, karibu na kiwiko. Nilikubali mara moja. Kwa dada yangu ningetoa hata sikio. Naye akatoa cha kwake mahali palepale, ili maabara ipate cha kulinganisha: mama mmoja, baba mmoja, huyu anaanguka na yule haanguki. Ukituweka pamoja makovu yetu yanafanana kama vifungo vya shati moja.

Safari hii alikuja na kitu cha kunionyesha. Tulikaa barazani mchana, nikasogeza cherehani, akafungua kompyuta juu ya magoti yake.

"Tulikamata seli za ngozi yako," alisema, "tukazirudisha mu utoto. Kama vile mutoto iko mu tumbo ya mama, bado hajue kama atakuwa mukono ao jicho. Ile tunaita seli shina. Kisha tunazilisha pole pole, kila siku chakula yake, mpaka zinakubali kuwa bongo."

"Bongo yangu?"

"Ilitoka kwako, lakini haiko weye. Hakuna mutu mule ndani. Iko kitu kidogo tu, kama punje ya mutama. Haiwaze, haisikie maumivu, haijue jina yako."

Alinionyesha kwanza zake. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani ya weusi huo nukta za kijani zilikuwa zinawaka na kuzima, moja hapa, nyingine kule, tatu pale pembeni. Kila nukta ni seli, alisema, na kila ikiwaka ujue imemwambia jirani yake neno. Zilinikumbusha soko asubuhi, kila mtu na bei yake mdomoni. Ningeweza kuziangalia mpaka jioni.

Kisha akanionyesha zangu. Zilianza vilevile, soko lilelile. Halafu zikanyamaza, zote. Halafu zikawaka zote kwa pamoja, kioo kizima kikawa kijani, zikazima, zikawaka tena kwa pamoja, na tena, na tena, bila hata moja kubaki nyuma.

Hakuna aliyehitaji kunieleza. Mimi sijawahi kujiona nikianguka. Mama ameona, majirani wameona, hata mbuzi wa jirani wameona. Mwenyewe ninachokijua ni nyuso za watu ninapofumbua macho. Sasa nilikuwa naangalia.

"Miye njo huyu," nilisema. "Niko naanguka."

"Ndiyo," alisema Adeline. "Kwa seli, kuanguka iko vile."

"Na kule, ni nani anaangaliaka?"

"Siye ba mu laboratoire. Na wakati ya mikutano, batu wengine. Benye kusoma ile kazi."

Aibu iliyonishika hapo siwezi kuipima. Tangu utoto nimejificha. Nimekataa harusi za rafiki zangu, nimekataa kuimba kwaya, nimekaa kanisani kiti cha karibu na mlango ili nikisikia dalili nitoke nje. Kumbe muda wote huo nilikuwa naanguka Ulaya, mbele ya watu wenye makoti meupe, mchana na usiku, bila mtu wa kunifunika hata kanga. Nilimwambia afunge. Akafunga, lakini hakunyamaza. Alisema wanazimwagia seli hizo dawa, moja baada ya nyingine, waone ipi inazituliza, na kwamba hiyo ndiyo faida yake: dawa mbaya itaziumiza zile, haitaniumiza mimi. Alisema ni kazi ya miaka, nisije nikafikiri ameniletea dawa kwenye sanduku.

Kisha akauliza, "Alliance anajua?"

"Bado."

"Liévin. Muambie kabla batu yake hawajakula hapa."

"Nitamuambia kisha."

"Kisha ya nini?"

"Kisha ya kula," nilisema, na sikumwangalia.

Aliniangalia yeye. Yaya yangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, ana macho ya kupima. Alikuwa anajua kuwa naogopa, na alikuwa anajua tangu zamani, tangu siku alizokuwa anapigana shuleni na watoto walioniiga.

Jumamosi wakaja. Shangazi yake Alliance anaitwa mama Claire, mkuu wa shule, mwanamke anayeingia nyumbani kwa mtu kama anaingia darasani: macho kwanza ubaoni, kisha nyuma. Pamoja naye alikuja papa Augustin, mjomba, mtu mpole ambaye ukimtoa kwenye habari za ng'ombe hana la kusema. Na Alliance, amevaa nguo niliyomshonea, amekaa upande wao, mikono juu ya mapaja. Alinitupia tabasamu dogo la kuiba. Mimi nilivaa shati jipya la mikono mirefu, nililolishona mwenyewe kwa siku hiyo.

Baba mdogo Anaclet ndiye aliyesema kwa niaba yetu, kwa kuwa baba hayupo. Anaclet anauza mabati, na amezoea kuongea kuzidi kelele za mabati. Alisifu nyumba. Alimsifu marehemu kaka yake. Alinisifu mimi mpaka nikaanza kumtamani huyo Liévin. Hapo angetosheka. Lakini alikuwa na simu mfukoni, na ndani ya simu alikuwa na zile nukta za kijani, maana alimsumbua Adeline siku nzima mpaka akampa.

"Muangalie hapa," alisema, akimpitishia papa Augustin simu. "Munaona? Ile ni bongo ya mutu. Bazungu banaiotesha mu sahani. Na huyu docteur yetu, mutoto wa kaka yangu, njo mwenye kuiotesha."

Papa Augustin aliiangalia kwa heshima. "Inaota kama nini?" aliuliza. "Kama muhogo? Ukikata, inaota tena?"

Watu wakacheka, hata Adeline. Anaclet akanogewa. Najua alivyo: akichekewa hapati tena breki.

"Na munajua ni bongo ya nani? Mu dunia yote, batu wote wenye kuwa mu dunia, walikamata ya nani? Ya huyu." Akanipiga begani. "Ya bwana-harusi. Walikuya mpaka hapa Nyakasanza kukamata ngozi yake."

Anaclet alijua vizuri kwamba naanguka. Alishanibeba mwenyewe kutoka sokoni. Kilichompita ni kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Yeye alidhani ni sifa, kama vile kuchaguliwa kwenda kuchezea timu ya taifa.

Mama Claire hakucheka. "Juu ya nini walikamata ya huyu?" aliuliza.

"Juu iko na akili, mama."

"Batu ya akili iko mingi ku Bulaya." Akamgeukia Adeline. "Docteur, laboratoire yenu inatafuta nini?"

Kama angeulizwa jambo lingine lolote Adeline angelizungusha. Lakini kuhusu kazi yake hajui kudanganya, na isitoshe jina lake na kazi yake viko kwenye intaneti kwa kila mwenye simu.

"Kifafa," alisema.

Sebule ikanyamaza kama zile seli zangu kabla hazijawaka. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, akabaki amesimama hivyo. Mama Claire alinichunguza mikono, akanichunguza mdomo, akatafuta kwenye paji la uso kovu la mtu aliyewahi kuangukia jiko. Alliance naye alikuwa ananiangalia, lakini yeye aliniangalia machoni tu.

Nilifungua mdomo. Nataka hilo lijulikane, ingawa halisaidii kitu. Nilifungua mdomo, na nilikuwa na maneno, na maneno hayakutoka.

"Liévin ni témoin," alisema Adeline, kwa sauti ileile ya barazani. "Kwa kila mugonjwa, tunatafuta ndugu yake mwenye kuwa muzima, tunalinganisha. Bila muzima, hauwezi kujua ugonjwa iko wapi. Yeye ni ule muzima."

"Na mugonjwa ni nani?" aliuliza mama Claire.

"Ni miye."

Akakunja mkono wa blauzi yake, akaonyesha kovu. Kisha akanigeukia. "Onyesha yako."

Nikakunja mkono wa shati langu jipya, nikaonyesha yangu. Kinywa changu hakikudanganya siku ile. Niliwadanganya kwa mkono wangu mwenyewe. Kila alichosema Adeline kilikuwa kweli, habari ya kulinganisha, habari ya ndugu wawili, kasoro ni nani kati yetu. Mama Claire aliangalia kovu langu, akaangalia la dada yangu, akashusha pumzi. Uso wake ulifunguka, akawa mama tu.

"Pole, mama," alimwambia Adeline. "Basi njo maana hauko na bwana."

"Ndiyo, mama," alisema Adeline. "Njo maana."

Adeline ana wachumba wawili aliowakataa mwenyewe, mmoja wao wa hapahapa Bunia, anayemsubiri mpaka leo. Kwa neno moja alikuwa amewafukuza hao na wengine wote, maana habari kama hiyo ingefika sokoni kabla wageni hawajafika kwao. Nililijua hilo nilipokuwa nashusha mkono wa shati na kufunga kifungo.

Maji ya kunawa yakapita. Mama akaleta sinia: bugali, mbuzi, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani Kasenyi. Tukasogea. Adeline naye akavuta kiti chake asogee, kama mtu wa nyumba. Mama Claire akamshika mkono juu ya nguo, kwa upole kabisa. Sitamsingizia ubaya, hakuwa nao.

"Docteur, weye utakamata yako kule, hapana? Utuhurumie. Tuko na batoto ku nyumba."

Adeline alisimama. Ningetegemea mama aseme kitu. Mama alichukua sahani, akapakua bugali, akapakua nyama kidogo, akaenda kuiweka juu ya kigoda karibu na mlango. Alifanya haraka na kwa usafi, hakumwaga hata tone. Mikono yake iliijua kazi hiyo. Dada yangu akaenda akakaa pale, mgongo wima, sahani juu ya magoti, yeye aliyetufundisha nyumba nzima kwamba mate hayana kosa.

Na sisi tukala. Mama Claire alikula vizuri, akisifu sombe. Alichagua kipande cha mbuzi chenye mfupa wa uboho, akakisukuma upande wangu. "Kula, bwana-harusi," alisema. Nikala. Nyama ilikuwa laini. Niliunyonya ule mfupa mpaka ukalia, kwa kuwa ndivyo mtu anavyokula nyama nzuri mbele ya watu wanaomtakia mema, na kwa kuwa kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimeingiza mkono katika sinia ya wengine na hakuna aliyeuangalia. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Dada yangu alikuwa mlangoni na mimi nilikuwa na furaha.

Kisha mama akaleta maji ya kunywa. Aligawa glasi, moja moja, na alipofika kwa Adeline alisita. Glasi ilikuwa mkononi mwake. Mama Claire alikuwa ameacha kutafuna. Mama akairudisha ile glasi mezani, akaenda kwenye kabati, akainua kitambaa, akarudi na kikombe cha buluu.

Tangu niwe na meno, hakuna mdomo mwingine uliogusa kikombe kile. Kimebonyea upande mmoja pale kilipodondoka nilipoanguka nacho jikoni, na rangi imetoka kwenye ukingo pale ninapoweka midomo. Mama alikijaza maji, akampa. Adeline alikipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, akaweka midomo palepale palipochubuka, akanywa yote. Hakukipangusa.

Nilisimama. Goti langu liligonga sinia, mchuzi ukamwagika.

"Ile kikombe ni yangu," nilisema.

Hawakuelewa. Anaclet alianza kucheka akidhani natania.

"Ile kikombe ni yangu tangu mutoto. Miye njo naangukaka. Yaya alisema vile juu ya kunificha. Bongo yenye kuanguka kule Bulaya ni yangu, yake iko muzima."

Mama Claire aliutazama mkono wake wa kulia, ule wenye sombe, aliokuwa anauingiza pamoja na wangu. Aliomba maji ya kunawa.

Papa Augustin alikohoa. "Kuko ng'ombe yangu moja," alisema, "inaangukaka vilevile. Lakini maziwa yake iko muzuri."

"Augustin," alisema mama Claire, naye akanyamaza.

Walisimama kwa adabu. Walimshukuru mama kwa chakula. Walisema jibu litakuja, na Anaclet akawasindikiza barabarani kuwatafutia moto, akiwaeleza jambo kwa mikono yote miwili, na hata kwa nyuma niliona kwamba hawamsikilizi. Mama alijitupa kwenye kiti.

"Ulikuwa umeisha kupita," aliniambia. "Walikuwa wameisha kula."

Adeline hakulia. Alikuwa amekasirika, na alikuwa amenikasirikia mimi. "Ile muzigo nilikuwa nimeisha kuibeba," alisema. "Nitarudi kule, batu ya hapa basema vile wanapenda. Kama ulitaka kusema, ungesema wakati waliuliza. Sasa umepoteza yako na yangu." Aliingia chumbani, akafunga mlango. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimenyamaza wakati wa kusema, na nimesema wakati ambapo kusema hakukumsaidia mtu isipokuwa mimi na roho yangu.

Alliance hakuwafuata ndugu zake. Nilidhani ametoka nao, kumbe alikuwa anakusanya vyombo. Mgeni hafanyi hivyo, hasa msichana aliyekuja kuangalia, lakini alikusanya glasi zote, akaja akachukua na kikombe cha buluu kutoka kigodani, akatoka navyo uani. Nilimfuata. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni moja, na vyote vilikuwa ndani, glasi na kikombe, katika maji mamoja yenye povu la sabuni.

Nilichuchumaa mbele yake.

"Alliance, ningekuambia. Niliogopa."

"Mu classe yangu banafunzi wawili banaangukaka," alisema, bila kuinua kichwa. "Wakianguka ninabashika kichwa, ninabageuza upande, tunangoja. Kisha tunaendelea na somo. Ulikuwa unafikiri nini? Nitakimbia?"

"Basi hauogope."

"Ile, hapana."

Aliosha kikombe changu kama alivyoosha glasi, ndani, nje, na ukingoni pale palipochubuka. Akakisuuza. Akakigeuza juu ya ubao katikati ya vingine. Mimi mjinga nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Leo walinipatia kazi moja tu," alisema. "Kuangalia. Basi niliangalia. Walimuweka yaya yako ku mulango kama imbwa, juu yako, na weye ulikuwa unakula. Siyo juu ya woga, Liévin. Mutu mwenye kuogopa, chakula haipite. Weye ulinyonya ule mufupa mpaka mwisho."

Alisimama, akapangusa mikono kwenye nguo niliyomshonea.

"Jibu ya tantine Claire itakuya na njia yake. Yangu nitaileta miye mwenyewe, siku nitakuwa nayo."

Nje, mama Claire alikuwa ameshapanda moto na kumwachia nafasi nyuma. Alliance alimwambia aende tu. Akaanza kutembea kwa miguu, peke yake, akipita juu ya mawe na viatu vyake vilivyokwisha, na hakugeuka kuona kama namfuata. Sikumfuata. Nilisimama kwenye lango la nyumba yetu, na mdomoni mwangu bado kulikuwa na ladha ya mbuzi.